Miche niliyoidekeza

Mwalimu alifika kitaluni kwangu saa tatu asubuhi, nyuma ya bodaboda, amepakata salfeti.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene mwalimu, karibu ukae."

Hakukaa. Aliishika salfeti kwa pembe mbili akaimwaga yote juu ya meza yangu ya kuandikia risiti. Miche ya paina, mia moja na kitu, imekauka mpaka sindano zake, yale majani membamba, zina rangi ya mabua ya mahindi ya mwezi wa nane. Udongo ukatapakaa kwenye daftari, mwingine ukaingia kwenye chai yangu.

"Nilichukua 300 kwako," akasema. "Hii ni 140. Mingine iko kando ya barabara, nimeona haya kuing'oa mchana watu wanapita."

Tulielewana. Nilimpa miche mingine, akanywa chai (yake, si ile yenye udongo), tukaagana vizuri. Bodaboda ilipoondoka nikachukua mche mmoja mfu nikauchambua. Mzizi ulikuwa bado na umbo la kiriba, kile kimfuko cha kuoteshea mche, kama keki iliyotolewa kwenye chombo chake. Haukuwa umenyoosha hata kidole kimoja kwenda nje kutafuta maji. Shina lilikuwa refu, laini, la kijani mpaka chini kabisa. Sikushangaa, kwa sababu siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimepita kwenye shamba langu mwenyewe na kukuta mambo yaleyale.

Kwa msomaji asiyejua huku kwetu: kitalu changu kipo nje kidogo ya Igowole, wilaya ya Mufindi, bondeni karibu na kijito. Sisi ni watu wa mbao. Mtu akizaa anapanda paina, akistaafu anapanda paina, akigombana na ndugu zake juu ya mpaka anawahi kupanda paina kwenye mpaka huo. Majaribio ya kupanda miti hii Sao Hill yalianza 1939, na leo mtu akisafiri kutoka Mafinga kuelekea Makambako anaweza kudhani Mungu aliiumba paina hapahapa. Patula, tuipandayo zaidi, asili yake ni milima ya Mexico. Ni mgeni aliyezoea mpaka ameanza kutoa maoni kwenye vikao vya ukoo.

Nami ni mtu wa misitu kwa kusoma. Nilimaliza Morogoro, nikarudi nyumbani na cheti na kiburi, nikafungua kitalu meta 200 kutoka kitalu cha baba mdogo.

Baba mdogo aliingia kwenye kazi ya miche mwaka 1978 akiwa kibarua wa kujaza viriba. Hajui neno jeni. Ana shati moja la kaki la kazini, na ana tabia moja iliyokuwa inanikera: wiki sita kabla ya msimu wa kupanda anaanza kuinyima miche yake maji. Mwanzoni anaruka siku moja, halafu mbili, mpaka anafika nne. Anaondoa nyasi zote za kivuli juu ya chanja. Anapitisha waya chini ya viriba na kuikata mizizi iliyochungulia nje. Mwezi wa kumi na moja miche yake inakuwa mifupi, migumu, na sindano zake zina uzambarau fulani kama mtu aliyeoga maji ya baridi ya Makete asubuhi.

Nilidhani ni ubahili wa maji. Kwa kweli nilimwambia hivyo, kwa adabu lakini nilimwambia. "Baba mdogo, hii miche unaitesa."

Akaniangalia. "Siitesi mwanangu. Naitisha."

Nikacheka nikaenda zangu. Mimi kwangu nilikuwa nimevuta mpira kutoka kijitoni, kijana wangu anamwagilia asubuhi na jioni, na mara mbili nilikuwa nimeyeyusha urea kidogo kwenye maji. Miche yangu ilifika sentimeta 45. Ya baba mdogo ilikuwa 25 hivi. Wateja walikuwa wanapita kwake wakija kwangu, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mche wa kijani unajiuza wenyewe. Hakuna mteja anayeomba kuona mzizi.

Tulipanda wiki ya pili ya Desemba, mvua imeshika vizuri. Nilipanda ekari mbili zangu, miche 900. Baba mdogo alipanda ekari moja ng'ambo ya korongo, 450. Halafu mvua ikakatika siku 19. Nilizihesabu kwa sababu kila jioni nilikuwa natoka nje kuangalia upande wa Mgololo kama kuna wingu, na kila jioni hakuna. Jua la huku si la Dodoma, lakini tuko juu, hewa nyepesi, na adhuhuri udongo mtupu unaunguza nyayo.

Mvua iliporudi nilihesabu mstari kwa mstari. Kwangu ilikufa 388. Kwa baba mdogo ilikufa 31, na katika hiyo 31 mitatu alisema ng'ombe wa jirani ndiye mwenye kosa.

Sasa niseme kile kilichoniuma zaidi kuliko hasara. Haya mambo nilifundishwa. Mwaka wa mwisho chuoni niliwahi kusaidia kazi ndogo ya maabara juu ya jinsi misonobari, yaani jamii ya paina, inavyojibu kiu ndani ya seli zake. Nilijua kwa majina ya kitabuni kile ambacho baba mdogo anakifanya kwa keni ya kumwagilia na waya, na bado nilisimama kwenye kitalu chake nikamwita mtesaji.

Nieleze kama ninavyomweleza mdogo wangu wa Form Two.

Pale Mafinga, karibu na stendi, kuna stesheneri moja yenye mashine mbili za kutoa kopi. Ukikaa kwenye benchi la nje siku nzima na kuchungulia tu kinachotoka kwenye mashine, utajua mji unapitia nini bila kuuliza mtu. Mwezi wa kwanza wanatoa fomu za kujiunga na shule. Kukiwa na msiba mkubwa wanatoa ratiba za mazishi. Kukiwa na zoezi la vitambulisho, ni vyeti vya kuzaliwa kutwa nzima. Zile karatasi halisi ziko majumbani, kwenye mabegi chini ya kitanda, na hazibadiliki. Kinachobadilika ni ipi imetolewa leo ikatolewe kopi, na kopi ngapi.

Seli ya paina ndiyo hivyo. Vinasaba ni zile karatasi halisi, na kila seli ya mti, ya mzizi mpaka ya ncha, inazo zote. Jeni moja ni karatasi moja yenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Mti hautumii zote kwa wakati mmoja. Unatoa kopi za zile unazozihitaji, kopi zinaitwa RNA, na protini zinatengenezwa kwa kusoma kopi. Kiu ikiingia, kopi zinabadilika ndani ya saa chache. Baridi ikiingia, zinabadilika tena. Kwa hiyo mtaalamu akitaka kujua mti unahisi nini, anahesabu kopi.

Kuhesabu kopi za paina, lakini, ni adhabu.

Ukikata sindano, mti unajua umekatwa, na muda si mrefu kopi zinaanza kubadilika kwa sababu ya lile jeraha lenyewe. Ukizubaa utapima hofu ya mkasi badala ya kiu. Kwa hiyo unakata na kutumbukiza hapohapo kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kisha unatwanga. Nasema kutwanga, maana ni kinu hasa, cha kauri, kidogo kama bakuli la kachumbari, na mchi wake. Unatwanga sindano zilizoganda huku unaongeza naitrojeni kila inapopungua, moshi mweupe unakupanda mikononi, na ukiacha unga uyeyuke kabla ya wakati umekwisha. Paina imejaa utomvu na zile kemikali zinazofanya kiazi kilichomenywa kuwa cheusi. Zikikutana na hewa zinaigandamia RNA na kuiharibu. Mara yangu ya kwanza nilipata kitu kama ugoro uliolowa. Njia iliyotuokoa ilichapishwa 1993, imetungwa mahususi kwa misonobari, na ndani yake kuna kemikali moja inayonuka mayai viza. Nilipanda daladala jioni, mama aliyekaa pembeni yangu akafungua dirisha bila kuniangalia.

Halafu kuna ukubwa wa kitu chenyewe. Binadamu ana vinasaba vyenye herufi bilioni tatu hivi. Spurusi ya Norway, mti wa jamii moja na paina, iliyosomwa yote kwa mara ya kwanza 2013, ina karibu bilioni 20. Mwaka uliofuata ikasomwa paina moja ya Marekani, loblolly, nayo ikakutwa na bilioni 22 hivi. Si kwamba mti una akili mara saba. Idadi ya jeni haipishani sana na yetu: ya spurusi ilikadiriwa 28,000, yetu ni kama 20,000 za kutengeneza protini. Sehemu kubwa ya hayo mengine ni vipande vilivyojirudia na kujirudia kwa mamilioni ya miaka, kama ule ujumbe wa kundi la ukoo ulioandikwa "imesambazwa mara nyingi" ambao hakuna anayeufuta. Kutafuta jeni ya ukame humo ndani ni kutafuta namba ya fundi bomba kwenye kundi hilo.

Lakini zimepatikana. Na hapa ndipo namrudia baba mdogo na keni yake.

Mche unapokosa maji siku ya kwanza na ya pili, homoni moja inapanda, asidi ya absisiki. Kazi yake ya haraka ni kufunga stomata, vile vitundu vya kupumulia kwenye sindano. Jamii ya paina ni mabingwa wa hili. Wanafunga mapema na wanaendelea kufunga, kama mzee anayefunga geti saa kumi na mbili jioni hata kama mgeni yuko njiani. Homoni hiyohiyo inaamsha jeni nyingine. Zipo za dehidrini, protini ndogo zinazojishikiza kwenye vitu vya thamani ndani ya seli na kuvilinda visivunjike maji yanapopungua. Zipo za kusafisha sumu zinazozaliwa pale jua linapopiga na mti hauwezi kulitumia, kwa kuwa vitundu vimefungwa. Zipo za milango ya maji kwenye mizizi. Na ukuaji wa juu unapunguzwa, chakula kinachopatikana kinakwenda zaidi kwenye mzizi na kwenye kukomaza shina. Ule ukahawia wa shina la mche wa baba mdogo ni mbao inayoanza. Ule uzambarau wa sindano ni rangi ambayo mche umejipaka kama mtu anavyovaa kofia.

Maji yakirudi, kopi nyingi zinashuka. Lakini mche haurudi kuwa yule wa mwanzo. Kuta za seli zimeshakuwa nene, majani ni machache kwa kulinganisha na mzizi, ncha za mizizi ni mpya na zina hamu. Kwenye Arabidopsis, kigugu kidogo cha jamii ya haradali kinachopendwa na watu wa maabara, imeonekana hata kwamba baadhi ya jeni zilizowahi kuamshwa na ukame huamka kwa nguvu zaidi ukame ukirudi mara ya pili. Mmea umeshajua njia ya stesheneri.

Miche yangu haikuwahi kuijua. Ilipofika siku ya tano bila mvua ilikuwa ndiyo kwanza inasikia habari ya kiu, ikiwa na majani ya sentimeta 45 ya kulisha na mzizi wa kikombe. Na kule kufunga vitundu kuna gharama: ukifunga hupotezi maji, lakini huingizi hewa ya kupikia chakula. Mche mgumu una akiba ya kusubiri. Wangu ulikuwa umetumia kila senti kwenye urefu.

Msinielewe vibaya, sisemi jeni ndizo zilizoua miche yangu peke yake. Mtu makini atasema, dada, ulipanda mche mrefu mno wenye mzizi mdogo, na urea ililainisha, hesabu ya maji ilikuwa imekataa hata kabla hujafika kwenye seli. Ni kweli. Mteremko wangu pia unatazama magharibi, unapigwa na jua la mchana zaidi kuliko wa baba mdogo. Hesabu ya 388 kwa 31 si utafiti, ni kidonda changu tu. Ila hata huo urefu na huo mzizi ni matokeo ya jeni zipi zilipewa kazi kule kitaluni, kwa miezi sita, kwa mkono wangu.

Shemeji yangu amewahi kufanya kazi ya kugema utomvu Sao Hill, na nilipomsimulia haya akasema, "Kumbe ndiyo ile dawa." Sikumwelewa mpaka aliponieleza kazi inavyokwenda.

Mgema anachubua ganda la paina kubwa, mkanda mwembamba tu, anafunga mfuko chini yake. Kisha juu ya kidonda anapaka dawa. Kila baada ya siku kadhaa anarudi, anachubua juu kidogo, anapaka tena. Dawa za kazi hii duniani kwa kawaida zina asidi, na nyingi huongezwa kitu kinachotoa ethilini. Ethilini ni hewa ileile inayoivisha ndizi pale mama zetu wa Tukuyu wanapozifunika kwenye shimo au kwenye tenga. Kwa ndizi inasema iva. Kwa paina iliyojeruhiwa inasema umevamiwa. Jeni za kutengeneza utomvu zinaongezewa kopi, mti unazidisha kumimina tarpentaini na ile gamu ngumu ili kuziba kidonda na kumzamisha mdudu ambaye hayupo. Mgema anakinga. Shemeji anasema paina ya elliottii inamwaga kuliko patula, na hilo wagema wa nchi nyingine wanalijua pia.

Kwa spurusi watafiti wameonyesha hata zaidi. Ukiipulizia jasmoneti, homoni nyingine ya kuashiria jeraha, bila kuigusa kwa kisu, ndani ya wiki chache inachonga mifereji mipya ya utomvu ndani ya mbao inayokua wakati huo. Haina hata mkwaruzo. Ni taarifa tu imeifikia.

Shemeji alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo sisi tulikuwa tunaidanganya miti." Ndiyo, shemeji. Na mti unalipa kwa chakula ambacho ungekitumia kunenepa.

Si kila adui anaamsha ulinzi unaotosha. Wazee wanakumbuka saiprasi zilivyokauka nyuma ya makanisa na mashule. Kidukari mmoja alionekana Malawi mwaka 1986, akavuka mpaka, na miti iliyokuwa imesimama tangu enzi za Mjerumani au Mwingereza ikawa myekundu kutoka ndani kwenda nje. Paina ya radiata nayo ilishindwa na ugonjwa wa majani Afrika Mashariki, upandaji wake ukaachwa miaka ya 1960, na patula ikasimama kwa sababu ugonjwa ule hauiwezi hivyo. Jeni usiyokuwa nayo hakuna kumwagilia wala kunyima maji kutakakoiamsha. Ndiyo maana nacheka mtu akiniuliza kama naweza "kuitisha" saiprasi yake ipone.

Kuna jambo moja la Norway nalipenda sana, nalisimulia hata kwenye harusi. Wazalishaji wa mbegu za spurusi kule walichukua miti mama kutoka sehemu za baridi kali wakaihamishia kusini kwenye joto zaidi, wapate mbegu nyingi. Mbegu zikaja nyingi kweli. Lakini miche iliyotokana nazo haikufanya kama ndugu zake wa kaskazini. Ilichelewa kufunga vichipukizi vyake kujiandaa na baridi, ikafanya kama miche ya kusini. Wazazi ni walewale, vinasaba ni vilevile. Watafiti Øystein Johnsen na Tore Skrøppa na wenzao wakafuatilia miaka mingi, na jibu likawa kwamba joto lililokuwepo wakati kiini cha mbegu kinaumbwa ndani ya koni linaacha alama. Jeni hazibadiliki, lakini namna zinavyotumika baadaye inabadilika. Mtoto anakumbuka hali ya hewa ya ujauzito.

Niliposimulia hili kitaluni, kijana wangu akauliza kama sasa tuuze "mbegu zenye kumbukumbu" kwa bei ya juu. Nikamwambia hapana. Ile ni spurusi ya Norway, inayopaswa kulala kabla theluji haijafika, na patula ya Igowole haina theluji ya kuhofia, ina sakitu ya mwezi wa sita na wa saba, basi. Lakini tangu hapo mtu akiniletea mbegu nauliza zimetoka wapi, si aina tu. Wauzaji wengine wanaudhika.

Mchungaji wetu aliposikia hadithi ya miche alitaka kuifanyia mahubiri, juu ya watoto wanaolelewa kwa mayai. Nilimwomba aiache. Watoto wangu wawili nawamwagilia asubuhi na jioni na sina mpango wa kubadilisha.

Mwaka huu nimefuata ratiba ya baba mdogo, ila kwa kuwa nimesoma na ugonjwa wa kusoma hauponi, nimegawa matuta matatu. Tuta la kwanza linamwagiliwa kila siku kama zamani, miche 200 tu, hiyo siuzi. La pili ni ratiba yake kamili. La tatu nimeliongezea ukali: siku sita badala ya nne. Baba mdogo alilitazama tuta la tatu nilipokuwa naandika kibao, akakohoa, hakusema kitu.

Kipimo chake, nilipombana, kilikuwa hiki. Usiangalie udongo, udongo wa juu unadanganya. Angalia ncha ya mche. Saa nane mchana ikiinama, vizuri, imeshtuka. Saa moja jioni iwe imeinuka. Ikilala imeinama lakini alfajiri ukaikuta imesimama, uko ukingoni, mpe maji siku hiyo. Alfajiri ukaikuta bado imeinama, hapo hutishi tena.

Wataalamu wana chombo cha kupima hilo, wanakata sindano kabla ya jua kuchomoza na kuisukuma kwa hewa mpaka tone litoke, wajue mti umeamka na kiu kiasi gani baada ya usiku mzima wa kunywa. Alfajiri ndiyo saa yao pia. Nilimwambia baba mdogo, akasema, "Hao nao wanaamka mapema?"

Jana, Jumatano, niliamka saa kumi na moja na nusu. Ukungu ulikuwa umekaa bondeni mpaka sikuona kijito, nikapita na tochi ya simu. Tuta la kwanza limenyooka, kijani, linapendeza kama mwaka jana, nikalipita. Tuta la pili limesimama, fupi, ncha ngumu. Nikizigusa zinanirudisha kidole. Tuta la tatu nikachuchumaa. Ncha zilikuwa zimelala, si zote, kama theluthi, zimeinamia upande mmoja, na ukungu wote ule haukuwa umezisaidia. Ilikuwa siku ya tano. Kwenye daftari langu imeandikwa maji siku ya sita.

Nilikaa pale nikijadiliana na daftari. Nilisikia viatu vya mpira nyuma yangu kwenye njia yenye matope.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba."

Alikuwa ametoka kwake na keni, imejaa, ameibeba meta 200 zote hizo. Akaiweka chini karibu na mguu wangu, akaingiza mikono mifukoni, akasimama kuangalia tuta la pili.

Nikaanzia na miche iliyolala.